Sauti Zote za Casimir

Kwa miaka kumi na miwili, kila mgeni aliyefungua kinywa katika ukumbi wa misheni pale Kalemie alisema kwa sauti ya Papa Casimir. Mwaka mmoja ilikuja filamu ya wanawake wa Japani wanaopiga mbizi baharini kutafuta chaza, na mzee wao, bibi wa miaka sabini, akawaambia watu wa Kalemie: "Mimi nilianza kuzama nikiwa na miaka kumi na mbili, bwana yangu njo anashikaka kamba." Alisema hivyo kwa sauti nzito ya mwanamume aliyekuwa karani wa bandari, na hakuna aliyecheka. Wanawake wa ufukweni walimpenda bibi yule mpaka wakawa wanamtaja kama jirani. Na kwa kuwa Casimir alikuwa na kawaida ya kukohoa kidogo kabla ya kuanza maneno, watoto wa mtaa wa Kataki walikua wakiamini kwamba wageni wote duniani hukohoa kwanza ndipo wanene.

Hilo ndilo lilikuwa Juma la Filamu za Kweli, kila mwezi wa nane. Waliziita za kweli ili zisichanganywe na zile za kupigana mateke zilizoonyeshwa kwenye baa karibu na stesheni. Mupe Edmond, padri wa misheni, ndiye aliyelianzisha mwaka wa sabini na tatu. Makopo ya filamu yalikuja kwa treni kutoka Lubumbashi, mengine yakichelewa, mengine yakiwa na filamu isiyo yake ndani. Madirisha ya ukumbi yalifunikwa blanketi, na maonyesho yakaanza saa kumi mchana, maana ikifika saa moja jioni umeme wa mjini ulikuwa na mambo yake. Basile, fundi wa mashine, aliipunguza sauti ya filamu mpaka Kifaransa kikabaki mnong'ono. Casimir akasimama kando ya shuka jeupe na kipaza sauti chake, akageuza kila kitu kuwa Kiswahili. Hakusema hata siku moja "huyu anasema kwamba." Alisema "mimi." Mimi mchunga kondoo, mimi injinia wa bwawa la umeme la Piana-Mwanga, mimi mjane.

Sasa nikuambie jambo ambalo mji mzima haukulijua. Tangu miaka mitatu Casimir alikuwa hakisikii tena kile Kifaransa. Hakusikia mlango, wala mvua juu ya mabati. Malaria ilimlaza mwezi mzima, kwinini ikamwinua, lakini masikio hayakuinuka pamoja naye. Aliyejua ni mkewe peke yake, Mama Philomène.

Walijipangia kazi yao wawili. Ndani ya kila kopo mlikuwa na karatasi zilizopigwa taipu, maneno yote ya filamu, na Casimir aliziomba kwa Basile wiki moja kabla. Basile alidhani ni bidii ya mzee. Casimir alizunguka nazo uani, asubuhi na jioni, mpaka akazimeza zote, na akajua ni picha ipi inakwenda na neno lipi. Ukumbini Philomène alikaa mstari wa mbele. Akigusa kitambaa chake cha kichwa, Casimir alijua amepaza sana, apunguze. Akigusa hereni, aongeze. Watu walisema, tazama mama yule anavyojipamba mbele ya bwana yake, na wao wazee vile.

Nyumbani walizungumza kwa kinywa. Philomène alisimama mbele yake, akafungua midomo vizuri, neno moja moja, na Casimir akasoma. Kidogo kidogo mazoea yale yakamwingia, akawa anamsemesha kila mtu hivyo, hata mnunuzi wa samaki. Alphonsine, mwenzake wa kuanika samaki ufukweni, alimtania: "We Philomène, unasemaka kama uko natafuna muhogo wa moto."

Alikuwapo pia mwalimu Omer, kijana mwenye Kifaransa safi, ambaye kila mwaka alimwambia mupe kwa adabu kwamba Papa Casimir amefanya kazi nyingi, labda sasa apumzike. Omer hakuwa mtu mbaya. Philomène alimchukia kwa moyo wake wote.

Basi, kiangazi cha mwaka wa themanini na nne akaja Émérence. Alikuwa binti wa kule Moba, amesomea sinema Kinshasa, na alitaka kutengeneza filamu ya wanawake wanaoanika ndagala, wale dagaa wadogo, kwenye mchanga wa ziwa. Alikuja na kamera, na bwana mmoja mnene aitwaye Florent. Huyu Florent alivaa vitu viwili vya mviringo vilivyofunika masikio yake, akashika fimbo ndefu yenye kichwa cha manyoya, akiielekeza juu ya samaki.

Usimcheke Philomène kwa alichowaza. Kipaza sauti alikijua, mumewe alikuwa nacho, ni chuma kitupu juu ya mguu wake. Manyoya yale aliona ni ya kufukuza nzi. Na kamera? Miaka kumi na miwili aliona watu wa filamu wakichezesha midomo, na sauti ikitoka kwa Casimir. Hata ule mnong'ono wa Kifaransa wa chini ulikuwa wa bwana mmoja asiyeonekana, anayewasemea wote. Kwa hiyo alijua kabisa, kama anavyojua njia ya kwenda kwake, kwamba kamera huchukua nyuso tu. Maneno huwekwa baadaye na mtu mwingine.

Émérence alichuchumaa mbele yake na kamera begani, akauliza: "Mama, ukiwa unageuza ndagala, unawazaka nini?"

Philomène akamtazama Florent na masikio yake yaliyofunikwa. Akamhurumia. Akaona huyu naye anaumwa, upepo wa ziwa unamwingia. Kitu kilichomkaa kifuani miaka mitatu kikapanda. Hakuwa amemwambia mtu, hata mupe kwenye kitubio. Na hapa palikuwa na binti mgeni mwenye macho mazuri, ambaye kesho atapanda meli, na mashine isiyosikia. Akasema yote. Alipomaliza alijisikia mwepesi, akageuza samaki wake hadi mwisho wa mkeka.

Mwaka ukapita. Juma likarudi, na filamu ya Émérence ikapangiwa Jumamosi, mbele ya watu wote wa ufukweni.

Jumamosi ile asubuhi Alphonsine alikuja mbio, kitenge kikimfunguka. Émérence alikuwa amewaonyesha baadhi ya wanawake wa ufukweni bobini ya kwanza, gurudumu la kwanza la filamu, kujaribu mashine.

"Philomène! Tumejisikia! Hamukuniambia kama mimi niko na sauti ya bata!"

"Sauti ya nani?"

"Yetu! Filimu inasema yenyewe. Ile fimbo ya manyoya njo ilikuwa mikro ya kukamata sauti. Wewe uko kwa bobini ya pili, bado hatukukuona."

Philomène aliweka chini ungo wake. Aliona ukumbi mzima, aliona Omer amekaa miguu imepandana, akasikia sauti yake mwenyewe ikitoka ukutani na kumvua Casimir nguo mbele ya watu. Na Casimir angekuwa amesimama pale pale, akitabasamu, bila kujua kwa nini watu wanamtazama.

Alimkuta Émérence ukumbini, pamoja na Basile aliyekuwa akipangusa kioo cha mashine.

"Mwanangu, unitoe mule."

Émérence hakuuliza kwa nini. Yeye ndiye aliyeyasikia maneno yale mara hamsini alipokuwa akiunganisha filamu. "Mama, nilizani unajua. Ulikuwa unaniangalia usoni."

"Nilizani kinachukua picha tu."

Msichana akakaa kwenye benchi. "Filimu zote zinatuonyeshaka na kinywa bila sauti, muntu mwingine njo anatusemea. Mwaka muzima nimeangaika juu ya sauti hii. Nilitaka sisi tuseme wenyewe. Na kipande yako, mama, njo kipande nzuri kuliko vyote."

"Wengine waseme. Mimi unifunge kinywa."

Kukata haikuwezekana, nakala ya filamu ilikuwa moja tu na ilitakiwa Kinshasa. Ni Basile aliyepata njia. Uso wa Philomène ukitokea, angeizima sauti. Casimir angesimama kama siku zote na kusema chochote, dakika mbili na nusu, mpaka atokee mwanamke mwingine. Basile hakuambiwa sababu, naye hakuiuliza. Émérence akasema sawa. Ilimuuma, na Philomène aliona, akalikubali deni hilo la moyo kwa sababu hakuwa na namna.

Casimir alikuwa nyumbani anapiga pasi shati lake jeupe. Philomène akasimama mbele yake.

"Leo kipande yangu utasema wewe."

Akafurahi, jamani, kama bwana arusi. "Karatasi iko wapi?"

"Haina karatasi. Sema tu mambo ya samaki. Unayajua."

Aliutazama mdomo wake kuliko kawaida. "Na wewe ulisema nini mule?"

"Samaki."

Kwa mara ya kwanza tangu ile malaria, Philomène alishukuru kwamba hasikii. Sauti yake ilitetemeka vibaya.

Saa kumi ukumbi ulijaa mpaka mlangoni. Uliimbwa wimbo wa chama, kamishna wa zone akatoa hotuba ndefu kuliko filamu, blanketi zikashushwa. Kisha wanawake wa Kalemie wakaanza kusema ukutani kwa midomo yao wenyewe, na ukumbi ukalipuka. Watu walicheka, walipiga mapaja, waliita majina. Alphonsine, aliyekaa karibu na dirisha, alisikia sauti yake ya bata ikieleza bei ya chumvi, akaficha uso. Casimir alikaa kando ya shuka akiangalia watu wakifurahi, naye akifurahia furaha yao. Philomène hakuona kitu cha filamu. Alikuwa akihesabu dakika.

Bobini ya pili ikaanza. Uso wake ukatokea, mkubwa kama mlango wa kanisa, na nyuma yake ziwa. Basile akazima sauti. Watu wakanung'unika kidogo, lakini Casimir alikuwa amekwisha kusimama. Akakohoa.

"Hawa ndagala tunawaanika asubuhi," alisema. "Jua ikiwa kali, saa sita tunawageuza..."

Akanyamaza.

Alikuwa ameligeukia shuka. Na hapo ndipo Philomène alipoelewa alichokisahau yeye, alichokisahau Émérence, ambacho Basile hakuwa na namna ya kukijua. Wazungu na Wajapani Casimir hakuweza kuwasoma. Lakini kinywa hiki alikisoma kila siku ya Mungu, na sasa kilikuwa mbele yake kikubwa, kipana, kikitafuna muhogo wake wa moto, neno moja moja. Walimzimia sauti mtu pekee ukumbini ambaye hakuihitaji.

Philomène akagusa kitambaa. Akagusa hereni. Akagusa vyote viwili. Casimir hakumtazama.

"Hapana," alisema kwenye kipaza sauti. "Munisamehe. Hasemi vile."

Akakohoa tena. Katika miaka kumi na miwili hakuwahi kuongeza neno la mtu wala kulipunguza, na Philomène alimjua, akajua hataanza leo.

"Bwana yangu hasikie," alisema Casimir. "Sasa miaka tatu. Hasikie kitu. Nikimuona huyu papa amefunika masikio, namuhurumia, nawaza bibi yake. Munazani anasikia filimu, anawafasiria. Anasomaka karatasi. Anazunguka nayo kwa lupango, inje ya nyumba, mupaka anashika yote kwa kichwa."

Mtu mmoja nyuma alicheka, akidhani ni mzaha, kisha akaacha.

"Siku ya kwanza nilimuita kwa mugongo mara ine. Hakugeuka. Nilizani amenikasirikia, na mimi nikakasirika. Siku mbili sikumusemesha. Nilimuwekea chakula na kuondoka. Siku mbili, na yeye alikuwa hajui nini inamupata, anakaa peke yake katika ile kimya, na mimi nimenuna."

Hapo sauti ya Casimir ilishuka, na hakuna aliyemgusia hereni. Hili lilikuwa jipya kwake. Philomène hakuwahi kumwambia. Alitamani sakafu ya saruji ifunguke.

Mwalimu Omer alisimama. "Samahani," alisema, "lakini filimu ya kesho ni ya Kifaransa. Kama ni hivi, kesho nani atasema?"

"Kaa chini, mwalimu," alisema Alphonsine kutoka dirishani. "Wewe jana ulipiga makofi. Kesho tunakuja kumusikiliza yeye, na kesho kutwa, na mwaka kesho." Wanawake wa ufukweni wakaitikia wote kwa pamoja, na Omer akakaa, masikio yake yakiwa mekundu, kama hiyo inawezekana kwa mtu mweusi kama yeye.

Casimir hakusikia hata moja la hayo. Bado alitazama shuka. Kisha akageuka, akiwa amechanganyikiwa, na tena akasema kwenye kipaza sauti kwa nafsi yake.

"Hapa ameinama kugeuza samaki. Sione kinywa." Akamtafuta mkewe katika giza. "Mama, hapa ulisema nini?"

Basile akasimamisha mashine. Giza likawa zito, na Casimir katika giza lile hakuwa na namna ya kupata jibu lolote. Alphonsine akaivuta blanketi ya dirisha lake kwa mikono miwili, ikaanguka, mwanga wa alasiri ukaingia hadi mstari wa mbele. Philomène akasimama. Watu mia nne walimtazama. Angeweza kusema samaki.

Akafungua kinywa vizuri.

"Nilisema masikio yamekwenda, si kitu. Naogopa macho. Tunazeeka. Macho yako yakienda nayo, mimi nitakusemea wapi?"

Casimir akawageukia watu. Akakohoa. "Masikio ya bwana yangu yamekwenda," akawaambia, "si kitu. Naogopa macho. Tunazeeka. Macho yake yakienda nayo, mimi nitamusemea wapi?"

Kazi yake ilikuwa imekwisha pale, angeweza kukaa. Hakukaa. Aliacha kipaza sauti kwenye mguu wake, akashuka kile kidato kimoja, akaja mpaka mbele ya Philomène, akamnyooshea kiganja wazi, kama mtu anayepokea dawa.

"Semea hapa," alisema.

Katika mji ule mtu na mkewe hawashikani hata mikono njiani. Philomène alijua kuna mupe pale, kuna kamishna, kuna wakwe wa binti yake. Akakishika kiganja kile kwa mikono yake yenye harufu ya ndagala, akaweka midomo yake katikati, macho amefumba, akasema neno moja polepole, kila herufi ikimgusa ngozi.

Nisamehe.

Casimir akafunga vidole. Kisha akarudi kwenye kipaza sauti, na watu wote wakanyoosha shingo, maana walikuwa wamezoea kwamba huyu hugeuza kila kitu.

"Anasema," alisema Casimir, "Basile arudishe sauti, filimu iendelee, watu wako na kazi kwao."

Ukumbi ukacheka, ukapiga makofi, wengine wakipangusa macho. Wote walimwamini. Émérence peke yake, pale nyuma kando ya mashine, hakucheka.

Basile akawasha. Blanketi ya Alphonsine hakuna aliyeirudisha, picha zikawa hafifu, lakini sauti zilisikika vizuri sana. Casimir akaja kukaa kando ya mkewe, vidole vya mkono wake wa kuume vikiwa bado vimefungwa.